Kule, Pale na Mle: Familia Ihamayo na Suala la Mahali pa Kukaa

Sarufi ya Kiswahili hupagawa mahali katika aina tatu, ambazo hutambulishwa kwa viambishi ku-, pa- na mu-: kule ni upande ambao mipaka yake haijapimwa, pale ni mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, na mle ni ndani ya kitu chenye ukingo, kama vile nyumba, chungu au moyo. Mgawanyo huo, ambao mwanafunzi huukariri kwa ajili ya mtihani wa upatanisho kisha akausahau, unafaa sana kulifungua suala linaloikabili kila familia inayohama nchi, yaani iteremshie mizigo yake katika mtaa gani au kitongoji gani. Mhamaji huanza na kule, kwa kuwa mwanzoni nchi ya ugenini ni upande tu wa dunia. Baadaye hulazimika kuchagua pale, kwa kuwa hakuna mtu anayelala katika nchi nzima. Na hakuna mkataba wa pango uwezao kumdhaminia mle, yaani siku ambayo wanawe watasema kwamba wamo. Lugha hiyohiyo hutofautisha kuhama na kuhamia, na irabu moja ya kauli ya kutendea, iliyopenyezwa katika kitenzi, inatosha kuonyesha kwamba kuondoka na kufikia ni matendo mawili yenye hukumu mbili. Wanazuoni wa dini mbalimbali wameandika mengi juu ya tendo la kwanza. La pili wamewaachia madalali.

Butihinda ni mahali pafaapo kulianzia suala hili. Ni komine, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa, ya kaskazini-mashariki mwa Burundi, ambayo kwa miongo mingi ilihesabiwa katika mkoa wa Muyinga na ambayo, katika mgawanyo mpya wa nchi wenye mikoa 5 na komine 42, imo katika mkoa wa Buhumuza. Lakini mkoa uwe huu au ule, watu wake hukaa mlangoni, kwa sababu kituo cha mpaka cha Kobero kimo humo, na ng'ambo yake ni Kabanga katika wilaya ya Ngara, Tanzania, kwenye njia ya malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, wengi walikimbilia kambi za Ngara kwa kupita pande hizo. Mwaka 2015 wengine wakakimbia tena. Na katikati ya misafara hiyo, misafara ya wanaorejea imekuwa ikiingia kwa mlango uleule. Mtu wa huko amezoea pia jambo ambalo msomaji wa pwani huenda asilitarajie, nalo ni kwamba Burundi ya mashambani kwa asili haina kijiji. Kila familia hukaa katika rugo, yaani boma lenye ua na migomba yake, maboma yakatawanyika juu ya kilima, na kilima hicho ndicho humpa mtu anwani na jina. Jirani wa kilimani hachaguliwi. Hurithiwa pamoja na itongo, yaani ardhi ya ukoo, kama mtu anavyorithi pua ya babu yake. Kwa hiyo familia ya Butihinda inapotakiwa kuchagua karitiye, neno la mjini lililotoka katika Kifaransa, iwe ni ya Gitega, iliyofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, au ya mji ulio ng'ambo ya bahari, inafanya jambo ambalo mababu zake hawakuachiwa nafasi ya kulikosea.

Uzito wa jambo hilo umo katika lugha yao wenyewe. Kirundi kina kitenzi kimoja, kuba, kwa mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga, yaani kuwa na kukaa: atakayekuwa mwalimu na atakayekaa Gitega husemwa kwa mzizi uleule. Mzizi huo ukiongezwa kiambishi cha kutendana hupatikana kubana, kuishi pamoja, na kutokana na hicho hupatikana umubanyi, jirani, ambaye kwa tafsiri ya karibu ni mtu ambaye mwingine huwa pamoja naye. Martin Heidegger, mwanafalsafa wa Kijerumani, alihitaji mhadhara mzima mjini Darmstadt mwaka 1951, pamoja na kuchimbua Kijerumani cha kale, ili awaonyeshe wasikilizaji wake kwamba kuwa na kukaa vilikuwa neno moja, ilhali mkulima wa Butihinda hulitamka neno hilo kabla hajashika jembe. Tena Heidegger alimtaja jirani kwa kupita tu, akaendelea na daraja na nyumba ya mkulima. Umbo la Kirundi halimruhusu mtu kumpita jirani hivyo. Ikiwa kukaa ni kuwa, basi mzazi anayewachagulia watoto mtaa anawachagulia sehemu ya nafsi zao, naye hufanya hivyo bila ridhaa yao na mara nyingi kabla hawajajua kusema. Hapo suala la pango huwa limekwisha kuingia katika eneo la dini.

Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, imelishughulikia tendo la kuondoka kwa kina. Qurani huwalaumu walioonewa katika mji wao wakabaki ilhali ardhi ya Mungu ni pana, ikawaondoa katika lawama hiyo wale wasio na uwezo wala njia. Al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1058, ananukuliwa kuwa alishikilia kwamba Mwislamu awezaye kuidhihirisha dini yake katika nchi isiyo ya Kiislamu ni bora akae huko kuliko kuondoka. Kipimo hicho huonekana kuwa cha nchi, lakini kwa kweli ni cha mtaa, kwa kuwa uwezo wa kuidhihirisha dini hupatikana au hukosekana barabarani, shuleni na kwa mwenye nyumba, hata kama katiba imeuandika kwa wino mzuri kiasi gani.

Kwa upande wa kufikia, Kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, kina kisa kinachojulikana na wengi. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa kukosa nafasi, Abramu akamwachia mpwa wake achague kwanza, naye Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lenye maji kila mahali, akahamisha hema zake mpaka Sodoma. Wahubiri wamezoea kumhukumu kwa tamaa, na hukumu hiyo ni ya haraka, kwa maana mtu mwenye mifugo na wategemezi ambaye hatazami maji si mcha Mungu, ni mzembe. Kasoro yake ni pale macho yalipokoma: aliyaona maji, hakuwaona watu. Qurani, ambayo humwita Luti na kumhesabu miongoni mwa manabii, haina kisa hicho cha kuchagua bonde. Ndani yake Luti yumo mjini kwa sababu ametumwa kwa watu wa mji huo. Dini hizo mbili hazilazimiki kupatanishwa katika jambo hili, lakini kuziweka bega kwa bega kunaonyesha njia mbili za kuingia katika kitongoji kilekile, njia ya aliyeona malisho na njia ya mwenye wajibu kwa waliomo, na katika masimulizi yote mawili mwanamume huyo anampoteza mkewe wakati wa kuondoka.

Yenye kufundisha zaidi ni dua ya Ibrahimu katika sura inayobeba jina lake, alipowaacha baadhi ya kizazi chake katika bonde lisilo na mimea, karibu na Nyumba Takatifu. Aliomba kwanza wasimamishe sala, kisha akaomba mioyo ya watu ielekee kwao, na mwisho akaomba matunda. Katika dua nyingine, iliyomo katika sura ya al-Baqara, alitanguliza usalama wa mji kabla ya matunda. Ibada, usalama, watu, kisha matunda: mzazi wa leo anayehama huandika orodha yake kwa kuanzia mwisho, mshahara na kodi juu kabisa, usalama chini yake, na watu hawamo. Hata hivyo kukumbusha mpangilio huo si kuwataka wazazi wakakae jangwani. Ibrahimu alikuwa na amri, na asiye na amri akiliiga tendo lake atakuwa amewatelekeza wanawe.

Hijra ya Madina ya mwaka 622 inaongeza jambo ambalo waandishi wa sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, hulisimulia kwa furaha: kila ukoo ulitaka awe jirani yake, naye akamwachia ngamia hatamu aende alikoamriwa, mpaka akapiga magoti kwenye uwanja wa kuanikia tende uliokuwa mali ya mayatima wawili, Abu Ayyub al-Ansari akambebea mzigo wake hadi kwake. Mtu anaweza kuona humo muujiza, na anaweza kuona pia busara ya mgeni asiyetaka kuuanza ujirani wake kwa kuwakataa wengine. Lakini kisa kinachogusa suala la vitongoji moja kwa moja ni cha Banu Salima, ukoo uliokaa mbali na msikiti na kutaka kuhamia karibu nao. Mtume aliwazuia, akawaeleza kwamba hatua zao za kwenda msikitini huandikwa. Katika hotuba za Ijumaa kisa hicho hutumiwa kusifu kutembea, na sifa hiyo ni ya haki; mapokezi yaliyomo kwa Bukhari, hata hivyo, yanataja sababu nyingine, kwamba alichukia pembezoni mwa mji pabaki patupu. Kitongoji chenyewe kilikuwa na haki juu yao. Hawakuulizwa tu mahali hapo pangewafaa nini. Kuondoka kwao kungepadhuru.

Kutoka hapo hupatikana hoja inayotetewa katika insha hii: mahali pafaapo familia kukaa ni pale panapoweza kuidai kitu na ambapo yenyewe itaweza kudai, na vigezo vingine, vikiwemo uzuri wa nyumba na kufanana na majirani, huja baada ya hicho. Kigezo cha kufanana kinastahili kuchunguzwa, kwa sababu ndicho wahamaji hukitanguliza kwa nia njema kabisa, wakitafuta waliko watu wa kwao. Mwaka 1971 mwanauchumi wa Kimarekani Thomas Schelling alionyesha, kwa kupanga alama za aina mbili kwenye miraba, kwamba hata kama kila mkazi hachukii mtu, ila anapenda tu asiwe mchache mno mlangoni pake, kuhama kwa mmoja mmoja huishia kuutenga mji mzima katika pande mbili. Bujumbura ya miaka ya 1993 hadi 1996 haikugawanyika kwa upole wa namna hiyo. Mitaa kama Kamenge, Ngagara na Nyakabiga ilitenganishwa kwa damu, na kulinganisha mauaji na mchezo wa miraba kungekuwa utovu wa adabu. Matokeo kwa mtoto aliyekulia upande mmoja, hata hivyo, yanafanana: alikosa umubanyi wa aina ya pili, na sehemu ile ya kuwa haikupata pa kuotea.

Upo mfano wa kinyume, nao uko karibu sana na wasomaji wa Kiswahili. Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao wakati wa Wabelgiji ulikuwa wa watu walioitwa Waswahili, uliwakusanya watu wa asili nyingi, Warundi, Wakongo na watu wa Tanganyika, ukawapa lugha moja na kwa wengi wao dini moja, mpaka jina Umuswahili likawa la mtu wa mtaa kuliko la mtu wa kabila. Kilimani jina hilo lilikuwa na harufu ya dharau, la mjanja asiye na ng'ombe wala itongo. Buyenzi haukusalimika na umwagaji damu wa Machi 1995, na hautajwi hapa kama pepo. Unatajwa kwa sababu ulithibitisha kwamba mtaa unaweza kumpa mtu ukoo ambao kilima hakikumpa, na kwamba ukoo huo hulipiwa kwa kusengenywa na waliobaki nyumbani.

Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walilijaribu suala hili kwa maisha yao bila kuulizwa. Tanzania iliwaweka wengi wao katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengine wakajipenyeza mjini Kigoma. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti katika pande hizo katikati ya miaka ya 1980 na kuuchapisha mwaka 1995, aliwakuta watu wa Mishamo wakiisimulia historia yao kama ya taifa lililo uhamishoni, lenye kujilinda lisichanganyike, na wale wa Kigoma wakioa na kuolewa, wakichukua utambulisho wa aina nyingi, wengine wakikwepa hata neno mkimbizi. Ni rahisi kuwapongeza wa Kigoma kwa uwazi wao au wa Mishamo kwa uaminifu wao, na pongezi zote mbili zina upungufu. Mtoto wa Mishamo alipewa historia isiyo na jirani wa nje. Mtoto wa Kigoma alipewa jirani, lakini jirani huyo mara nyingi hakujua anamdai nani, kwa kuwa jina alilopewa halikuwa lote. Baadaye serikali ya Tanzania, iliyowakubalia uraia zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo mwaka 2010, ilitaka kwanza watawanyike katika mikoa mingine ili wachanganyike na wananchi. Mpango huo ulikwama, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa mwaka 2014 pasipo kulazimishwa kuhama. Nia ya mpango ilikuwa kuwapa mle. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mle hupatikana kwa kupavunja pale ambapo watu wamezika wazazi wao kwa miaka arobaini.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja ya madai hutoka Burundi yenyewe. Zamani mgeni aliyefika kilimani bila ardhi aliweza kuwa umugererwa, yaani mtu anayekaa juu ya ardhi ya mwingine kwa kumtumikia na kumpelekea zawadi, na uhusiano huo, ubugererwa, ulifutwa kisheria mwaka 1977. Alidaiwa kila msimu, na wanawe baada yake. Kama kukaa ni kudaiwa, basi huyo ndiye mkazi kamili, na hitimisho hilo linachukiza. Jibu ni kwamba umugererwa hakuwa na siku ya kudai. Deni la upande mmoja lisilokwisha ni utumwa hata likiitwa ujirani. Na mhamaji wa leo, anayeambiwa kila wakati ashukuru kwa kupokelewa, yuko karibu na hali hiyo kuliko wenyeji wake wanavyopenda kukiri.

Sheria ya shufaa, yaani haki ya kutangulizwa katika kununua kwa bei ileile nyumba inayouzwa, inatoa mwanga usiotarajiwa. Wahanafi humpa haki hiyo hata jirani wa ukuta kwa ukuta, ilhali Washafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, humpa mshirika wa mali peke yake. Kwa kutazama juu juu Wahanafi ndio wamemheshimu jirani zaidi. Lakini jirani mwenye shufaa anaweza kumfungia nje kila mgeni kwa kununua yeye, na msimamo wa Kishafii, unaoonekana mkavu, humwachia asiye na ndugu mtaani nafasi ya kuingia. Hakuna ushahidi kwamba Imamu Shafii aliwafikiria wahamaji alipoamua hivyo, ingawa yeye mwenyewe aliishi Makka, Madina, Baghdadi na kufia Misri.

Kundi lililoitwa Warundi wa 1972, ambalo Marekani ilianza kulipokea kutoka kambi za Tanzania mwaka 2007, lilikuta mtaa wa kwanza umekwisha kuchaguliwa na shirika la mapokezi. Baadhi yao walipelekwa Clarkston, mji mdogo wa pembezoni mwa Atlanta, katika Georgia, ambao majengo yake ya vyumba vya kupanga, yaliyo karibu na usafiri wa umma, yamewapokea kwa miongo kadhaa wakimbizi wa Vietnam, Somalia, Bhutan, Burma na Kongo. Uchaguzi halisi wa familia huja baadaye, mkataba wa kwanza unapokwisha, na huwa mgumu kwa sababu huko, kwa kawaida, anwani ya nyumba ndiyo huamua shule ya serikali ambayo mtoto ataingia, hivyo anayechagua dirisha huwa amechagua dawati. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kibantu, aliweka mahali na wakati katika fungu moja la viumbe, hantu, na wazazi wa Clarkston wana sababu ya kumwelewa: miaka sita ya mtoto katika kitongoji fulani hairudishwi kwa kuhamia kingine kizuri zaidi.

Hasan al-Basri, alipoulizwa mipaka ya ujirani, alihesabu nyumba arobaini kila upande. Na Bi Aisha, alipokuwa na zawadi moja na majirani wawili, alielekezwa kwa yule ambaye mlango wake ulikuwa karibu zaidi. Katika majengo ya Clarkston nyumba arobaini hujaa ndani ya jengo moja, na mlango ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya ujia, nyuma yake akiwa mtu ambaye hajui Kirundi, Kiswahili wala, pengine, Kiingereza. Mtoto ndiye hutumwa na sahani. Desturi ya Waswahili, iliyofika mpaka Muyinga pamoja na dini na biashara, ni kwamba sahani ya jirani hairudi tupu; na siku itakaporudishwa tupu, imeoshwa na kufutwa hadi inang'aa, mzazi atalazimika kuamua, mtoto akiwa bado amesimama mlangoni akimtazama, kama hiyo ni dharau au ni adabu ya watu wengine.